Somo: Kubashiri kama kemikali italeta mzio wa ngozi

Tuchukue PPD, ile inayotiwa kwenye rangi nyeusi za nywele na kwenye piko za maharusi. Tutaichunguza bila kumgusa panya.

Hatua ya 1: ukubwa. Molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya ngozi kwa shida. PPD ina 108 tu, basi inapita.

Hatua ya 2: je, inanasa protini? Hapa ndipo penye kazi. Kitu kidogo hivi kinga ya mwili haikitambui mpaka kijigandishe kwenye protini, nayo protini ionekane ngeni. Maabara huchanganya kemikali na peptidi mbili, yaani vipande vifupi vya protini, kimoja chenye asidi amino ya sisteini na kingine ya laisini, na baada ya saa 24 hupima zimepungua kiasi gani. Wastani ukizidi asilimia 6.38, jibu ni chanya. Ila msidanganywe na jina lililoandikwa kwenye pakiti: PPD ikikutana na hewa huoksidika, na kinachozaliwa hapo ndicho kinachonasa zaidi. Hata limonene ya maganda ya machungwa ina tabia hiyo.

Hatua ya 3: seli. Kipimo cha KeratinoSens hutumia seli za ngozi zinazong'aa zikishtuka. Mng'ao ukiongezeka mara 1.5, tunashuku. Kingine, h-CLAT, huangalia kama alama za CD86 na CD54 zimeongezeka juu ya seli za kinga.

Hatua ya 4: vipimo viwili vikikubaliana kati ya vitatu, hukumu imepita. Ndiyo kanuni iliyomo kwenye mwongozo namba 497 wa mwaka 2021 wa OECD, shirika la nchi za ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo. Inasema ndiyo au hapana, ukali hausemi.

MASWALI

Mwalimu, nimepaka piko miaka yote na sijadhurika. Niko salama?
Hapana, dada. Mwili hujifunza kimyakimya, siku ikifika ndipo malengelenge yanatoka. Ukishapata mzio huo, kwa kawaida hauondoki.

Na hina ya majani?
Hina safi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu, na mzio wake ni nadra. Ukiona nyeusi tii inayokolea upesi, uliza wamechanganya nini.

Nikijaribu kidogo nyuma ya sikio?
Hiyo humkamata aliyekwisha kupata mzio, tena usubiri saa 48. Atakayeupata kesho haimwonyeshi. Kama ulishawahi kuvimba, usijijaribu nyumbani. Nenda kwa daktari wa ngozi akubandike kipimo mgongoni.