Jinsi ya kununua, kufufua na kuuza karabai za zamani, nilivyojifunza mimi hapa Kigoma

Kama umekulia Kigoma unakumbuka. Usiku wa giza unasimama Bangwe unaangalia ziwani unaona taa zimepangana mpaka unadhani kuna mji mwingine kule majini, kumbe ni mitumbwi ya dagaa, kila mmoja na karabai zake, zile taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu. Sasa hivi wengi wamehamia taa za betri na sola. Hamu ya karabai ilianza kupungua tangu 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, mvuvi akawa akipiga hesabu ya mafuta ya usiku mmoja anakuta dagaa wote wameishia kwenye tangi. Karabai zikaenda stoo, zikaenda kwenye banda la kuku, nyingine zikaenda kwa watu wa vyuma chakavu zikapimwa kwa kilo. Hapo ndo mimi nilipoingia.

Nanunua mbovu, nafufua, nauza. Sio biashara ya kukutajirisha, ila ukiwa na jicho inalipa. Na jicho lenyewe ni hili: tangi ndo karabai. Vingine vyote vinanunulika au vinachongwa, tangi likipasuka umenunua kopo.

HATUA YA KWANZA: jua unachokitafuta

Kuna orijino na kuna kopi. Orijino inayojulikana zaidi ni Petromax ya Mjerumani, ilibuniwa na Max Graetz wa kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1910, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka neno la Kijerumani Petroleum, yani mafuta ya taa, na Max. Nyingi utakazoziona ni zile za mishumaa 500, yani mwanga wake walikuwa wanaulinganisha na mishumaa. Ukibahatika utakutana na Optimus au Radius za Sweden, hizo usilale, nunua halafu ndo uulize maswali. Kopi ni za Mchina, Anchor na Butterfly ndo zimejaa huku, na nisizitukane bure maana zimevua dagaa wengi kuliko Petromax zote nilizowahi kushika. Ila bei yake ni nyingine na mnunuzi wake ni mwingine.

Kutofautisha anza na maandishi kwenye tangi. Ukikuta imeandikwa West Germany au Western Germany ujue imetengenezwa baada ya vita kuu ya pili, kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na Ujerumani Magharibi ya kuandika. Ikiwa na Germany peke yake inaweza kuwa ya zamani zaidi, ila usimwambie mteja ni ya kabla ya vita kwa kuangalia neno moja tu.

Halafu kuna hii ya sumaku. Watu wanasema weka sumaku, ikishika ni chuma, isiposhika ni shaba njano. Kweli nusu. Tangi nyingi za shaba zimepakwa nikeli juu, na nikeli nayo inavutwa na sumaku, kidogo lakini inavutwa. Mimi siku za mwanzo niliiacha Petromax safi kabisa kwa mzee mmoja Ujiji kwa sababu sumaku yangu ilishika, wiki iliyofuata nikaikuta kwa jamaa mwingine anaisugua inang'aa kama pete. Niliumia. Sasa hivi napindua taa nakwaruza kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu sehemu isiyoonekana: ikitokea njano ni shaba, ikitokea kijivu endelea na mashaka yako.

HATUA YA PILI: kununua

Nenda Katonga, nenda Kibirizi, lakini usiende asubuhi mapema watu wanashusha dagaa, hakuna atakayekusikiliza. Nenda siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa kwa hiyo wavuvi wengi wapo nyumbani wanashona nyavu, hapo una muda wa kukaa na mtu. Ziwa lilipofungwa watu wasivue kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024 nilipata karabai nyingi kuliko kipindi kingine chochote, ila nikwambie ukweli kulikuwa na siku niliona aibu kupunguza bei, mtu anauza kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Usimkamue mtu wa hivyo.

Mazungumzo yenyewe yanaenda hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Umefuata nini?"
"Nasikia una karabai haitumiki."
"Karabai ninayo, ila ile ilinisomeshea watoto."

Ukisikia hivyo kaa chini. Huyo hauzi chuma, anauza kumbukumbu, ukianza kuitukana taa yake ili ushushe bei umeshamkosa. Kunywa chai, sikiliza hadithi, bei itakuja yenyewe. Karabai ya Mchina isiyowaka mimi naichukua elfu kumi mpaka ishirini hivi, ya Mjerumani naweza kwenda hata elfu themanini kama tangi ni zima. Mpinzani wako sio mnunuzi mwenzako, ni yule kijana wa vyuma chakavu mwenye mizani, kwa hiyo fanya naye urafiki, mwambie ukipata karabai usiponde nipigie kwanza.

Mambo mawili ya pembeni hapa kabla sijasahau. Ukishajulikana unanunua vya zamani utaletewa kila kitu. Ukiletewa gobore la babu yake mtu, usilishike, usilihifadhi hata usiku mmoja, mwambie alipeleke polisi, silaha ina sheria zake na bila leseni unaenda ndani wewe pamoja na udadisi wako. Ukiletewa mlango wa nakshi uliong'olewa kwenye nyumba ya zamani Ujiji achana nao pia, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya 1940. Baki na taa.

HATUA YA TATU: kulipima tangi, na hapa usiwe na haraka

Hii ndo hatua yenyewe. Fungua kifuniko, nusa. Mafuta ya taa unayajua harufu yake, ukinusa petroli humo ndani mwaga nje kabisa mbali na moto, kuna watu walikuwa wanachanganya. Karabai haitumii petroli, narudia, haitumii petroli, lile ni tangi lenye presha lipo sentimita chache chini ya moto.

Likishakuwa tupu lisuuze, funga kila sehemu, piga pampu kiasi, lizamishe lote kwenye beseni la maji, halafu tulia. Mapovu yakitoka kwenye pampu au kwenye kifuniko usijali hizo ni wasa tu, vile vipete vya kuzibia. Yakitoka kwenye kiungo cha kitako panalehemika. Yakitoka kwenye mwili wa tangi, kijimstari chembamba kama unywele, hasa karibu na ukingo, irudishe ulikoitoa au ibakize kwa ajili ya vipuri.

Ule unywele una hadithi yake. Shaba njano haipatani na amonia. Ikiwa imekunjwa kiwandani ina mkazo ndani yake, ikikaa kwenye hewa yenye amonia inapasuka yenyewe bila hata kuguswa. Jeshi la Uingereza kule India liliyaona haya zamani, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yalikuwa yanapasuka msimu wa mvua kwa sababu ya mkojo wa farasi. Sasa wewe fikiria karabai iliyokaa miaka sita kwenye banda la kuku. Ndo maana mimi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni "ulikuwa unaiweka wapi?", akisema bandani natoa beseni langu palepale. Na kwa sababu hiyohiyo usisafishe tangi kwa dawa yoyote ya usafi yenye amonia.

Kulehemu: usiweke moto wala pasi ya lehemu kwenye tangi lililokuwa na mafuta mpaka ulioshe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, halafu unalijaza maji karibu mpaka juu na kuacha kifuniko wazi, unabakiza tu sehemu ya kulehemu. Mvuke wa mafuta haufi kwa kupepea. Na usizibe kwa gundi ya epoksi ukamuuzia mtu, itashika wiki mbili halafu itaachia taa ikiwa inawaka.

HATUA YA NNE: pampu

Asilimia kubwa ya karabai "zilizokufa" zimekufa hapa tu. Chomoa pampu, mwishoni kuna kikombe kidogo cha ngozi. Kimekauka, kimesinyaa, hewa inapita pembeni. Kiloweke kwenye oili safi usiku mzima, asubuhi kipanue midomo kwa vidole taratibu, rudisha. Ikiwa imechanika kata mpya kwenye mkanda wa ngozi halisi. Huku kwetu watu wanapaka mawese kwa sababu ndo yapo jikoni, usifanye hivyo, yanaganda na baadaye yananata kama ulimbo.

Chini kabisa ya bomba la pampu kuna vavu ya kuzuia hewa isirudi. Ukipiga pampu na mkono wa pampu unarudi juu wenyewe, basi ni hiyo. Ndani yake kuna kijimpira kidogo kama punje ya dengu. Mafundi wengi wanakata mpira wa tyubu ya baiskeli, unafanya kazi siku tatu halafu unavimba kwa mafuta. Tafuta oil sili mbovu ya pikipiki kwa fundi yeyote, ukate humo, ule mpira umezoea mafuta.

HATUA YA TANO: njia ya mafuta na moto

Ile nozeli ya juu yenye kitundu ndo inayorusha mvuke wa mafuta, na ndani yake inapita sindano ya kuizibua. Hapa wanaoanza wote wanavunja sindano, mimi nimevunja tatu. Kanuni ni kwamba zungusha gurudumu mpaka sindano ishuke, halafu ndo ufungue au ufunge nozeli. Kitundu usikizibue kwa pini wala waya wa breki, ukikipanua kidogo tu taa itatoa moshi na moto mwekundu milele.

Bomba la mvuke likiwa limejaa kaboni ndani linagongwa taratibu na kusuuzwa, likikataa nunua jingine, hata la kopi mara nyingi linaingia. Angalia pia nafasi kati ya nozeli na bomba la kuchanganyia hewa, kwenye ile ya 500 ni kama milimita 14 au 15. Taa ikiguruma vizuri lakini mwanga hafifu anzia hapo kabla hujalaumu kitu kingine.

Utambi, kile kisoksi cheupe, uchome kwanza kabla ya kupiga presha mpaka ubaki jivu lenye umbo. Ukishaungua usiuguse. Tambi za zamani zilikuwa na thoriamu ambayo ina mionzi kidogo, mpya nyingi hazina, kwa hiyo ukikuta jivu la utambi wa kale ndani ya taa usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kibichi kisha nawa mikono.

Kuwasha kwa majaribio ni nje, weka spiriti kwenye kikombe chake kilichozunguka bomba la mvuke, iwashe ipashe bomba joto, iache iungue karibu iishe ndipo ufungue mafuta. Ukiharakisha mvuke hautoki, yanatoka mafuta mabichi na yanawaka mpaka juu ya kofia. Ikitokea usikimbie nayo kama jirani yangu, legeza skurubu ya hewa kwenye kifuniko, presha inaisha, moto unajifia.

HATUA YA SITA: kusafisha, lakini usizidishe

Ndimu na chumvi, kitambaa laini, suuza sana, kausha. Msasa hapana. Kuna jamaa alisugua Petromax yenye nikeli mpaka ikatoka yote ikabaki njano tupu, alifikiri ameongeza thamani, mnunuzi wa Dar akamkata nusu ya bei. Mikwaruzo ya mtumbwini iache. Nyingine ninayo ina herufi zimekwaruzwa kwa msumari kitakoni, alama ya mwenye mtumbwi, sijaigusa.

HATUA YA SABA: kuuza

Wateja wangu ni wa aina mbili. Wa kwanza anataka iwake: watu wa vijijini, wa shughuli za usiku, hao wape ya Mchina iliyofanyiwa kazi vizuri. Wa pili anataka historia: wenye loji, watalii wanaopita kwenda Gombe, watu wa Dar na Arusha wanaopamba sebule. Huyu wa pili ukimwandikia mwambie kila kitu: tangi orijino, bomba la kopi, kioo sio chake, ngozi mpya. Piga picha ya kitako, ya maandishi, na video fupi ikiwa inawaka.

Mwaka juzi nilituma taa Dar nikasahau kutaja kwamba kofia ni ya Anchor, haikuwa uongo wa makusudi, nilisahau tu. Mteja aliijua siku ileile. Nilimrudishia elfu thelathini na nauli ya mzigo nikabeba mimi. Ameshanunua nyingine nne tangu hapo, na kila mara anaanza kwa kuuliza, "Kaka, kofia ya nani hii?"

Kusafirisha kwa treni au basi: mwaga mafuta yote, acha tangi wazi siku mbili harufu ipungue, toa kioo ukifunge peke yake kwenye nguo, utambi utoe kabisa maana hautafika. Weka tambi mbili mpya na sindano moja ya akiba kwenye mfuko, na karatasi ya maelekezo ya kuwasha iliyoandikwa kwa mkono, mstari wa kwanza: MAFUTA YA TAA TU.