Vuna mbegu za nyasi kabla hazijapukutika

Huku Kibwezi, kaunti ya Makueni, tunapanda nyasi mvua za vuli zikikaribia. Kufikia Januari au Februari shamba limejaa masuke, na hapo ndipo mbegu nyingi hupotea, kwa sababu mwenye shamba anangoja hadi lote likauke. Mahindi yaliyokomaa yatakungoja shambani. Ndata kivumbu, nyasi ya malisho tunayopanda huku, haingoji: mbegu ikiiva huachia suke yenyewe, na upepo wa mchana mmoja unaweza kuacha vijiti vitupu.

Hutapata siku ambayo kila suke limeiva. Nyasi huendelea kutoa machipukizi, na kila chipukizi hutoa suke kwa wakati wake. Hata ndani ya suke moja, maua ya juu kwa kawaida hutangulia ya chini. Kwa hiyo unachagua siku ambayo mbegu ngumu ni nyingi na zilizoanguka bado ni chache.

Rangi ya shamba isikudanganye. Ng'oa mbegu chache katikati ya suke, zisugue kiganjani, kisha puliza makapi. Isipobaki punje, hayo yalikuwa makapi matupu, na hutokea sana mvua ikikatika nyasi zikiwa kwenye maua. Ikibaki, iweke juu ya ukucha wa kidole gumba uibonyeze kwa ukucha mwingine. Ikitoa majimaji meupe, bado iko kwenye maziwa. Ikibonyea na kubaki na alama, bado ni laini, subiri. Ikikataa kubonyea, imekomaa. Ukikata mapema, punje husinyaa kwa sababu haijamaliza kujaza chakula chake, na hata ikiota, mche wake ni dhaifu.

Rudia hivyo pembe zote za shamba, maana bondeni penye unyevu hukawia. Kisha pitisha mkono polepole juu ya masuke. Ncha zikiachia mbegu na za katikati zikiwa ngumu, anza kazi kesho yake.

Mbeetwa, aina nyingine ya nyasi ya malisho, inahitaji jicho la karibu zaidi. Vijisuke vyake ni bapa na vipana, na vikiiva huanguka vizima vizima. Ndata kivumbu nayo ina vinyweleo vinavyowasha, kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu.

Mimi napendelea kukwanyua kwa mkono: shika suke chini, vuta kuelekea juu, na zilizoiva zitabaki kiganjani. Mbichi unaziacha, unazirudia baada ya siku chache. Ni kazi ya mikono mingi, lakini mbegu yake ni safi. Shamba likiwa kubwa, kata masuke kwa mundu, ukijua kwamba mbichi zitaingia pia. Anza asubuhi umande ukishakauka. Mbegu yenye umande huota ukungu, na jua la mchana likikolea zinapukutika ukizigusa tu.

Siku hiyohiyo zitandaze kwenye turubai kivulini, penye hewa, tabaka jembamba. Zigeuze kila siku hadi zikauke kabisa. Usizirundike wala kuzifunga kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na unyevu, kwa sababu hupata joto na kiini hufa. Zikikauka, zitie kwenye gunia la katani, uandike aina na mwezi wa kuvunwa, na uliweke juu ya mbao mbali na panya.

Sasa jambo linaloleta ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Mbegu mpya ya ndata kivumbu imelala: ni nzima, lakini haioti vizuri hadi ikae ghalani miezi kadhaa. Anayekuja Machi kutaka iliyovunwa Februari, mimi simuuzii, nampa ya msimu uliopita. Ya Februari itamfaa kwa mvua za Novemba. Na kabla ya kuuza, panda mbegu 100 kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya sahani, hesabu zilizoota baada ya wiki mbili, na umwambie mnunuzi idadi hiyo.

Mabua yanayobaki yakate ufunge marobota. Ni makavu na hayana protini nyingi kama nyasi changa, lakini ng'ombe huyala kiangazi. Mbuzi wasiingie shambani hadi mashina yachipue tena.