Kununua Vitz, IST au Passo ukiwa Tabora: angalia haya kabla hujatoa hela

Mwangaluka wakuu. Wiki iliyopita mdogo wangu wa kwa shangazi hapa Isevya kaniuliza achukue IST ya mtu au aagize Passo, nikaona nimwandikie vizuri na wengine mfaidike, mana swali hili naulizwa kila siku na huwa najibu nikiwa nimesimama njiani, mambo mengi nasahau. Mimi nanunua asali Sikonge na Ipole naileta mjini, na vigari vidogo nimeshamiliki vitatu. Cha kwanza kilikuwa Vitz, nilikichukua Dar kwa mtu, nikakijaribu dakika kumi kwenye lami, injini nimeikuta ishawashwa na ishapata moto, AC inapuliza baridi, nikatoa hela. Miezi minne mbele giaboksi ikagoma katikati ya Ipole na Sikonge, jua la saa nane, ndoo za asali ziko ndani. Kwaiyo haya nayoyaandika nimeyalipia.

Kabla hujaangalia gari yoyote jiulize itabeba nini na itapita wapi. Watu wanaanza na rangi na namba, wakati makaratasi ya gari yanakwambia uzito wake ikiwa tupu na uzito wa mwisho inaoruhusiwa. Wajapani wanapiga hesabu ya kilo 55 kwa kila mtu, kwaiyo gari ya watu watano ukitoa uzito mtupu kwenye uzito wa mwisho unabaki na kilo 275, basi. Sasa ndoo ya lita 20 ya asali ina kama kilo 28, ndoo kumi ni kilo 280 na hapo dereva hujakaa bado. Nilikuwa nabeba kumi na mbili. Shokapu za nyuma zikafa, bushi zikafa, nikawa namlaumu fundi wa watu bure. Kama mizigo yako ni mizito kila wiki nakushauri kweli, hizi sio gari zako, tafuta Probox au kirikuu, yaani kile kipikapu kidogo.

Njia nayo. Ukienda Nzega au Sikonge kwa lami kigari chochote kinaenda, ila wengi wetu tunaishi kwenye mchanga, na mchanga wa Tabora unaujua ulivyo, kiangazi unazama mpaka rimu. Hapo IST ina nafuu kuliko Vitz na Passo kwa kuwa imekaa juu kidogo na matairi yake makubwa. Kuna watu wanaweka spesa kuinyanyua, wafanye tu, ila ukikuta gari unayotaka kununua ishanyanyuliwa piga kona kali ya mwisho kushoto na kulia taratibu, ukisikia ta ta ta ta kule kwenye tairi la mbele jua jointi za draivu shafti zimekwisha. Na inama chini, tena lala kabisa weka boksi ulalie, uangalie sampu, yaani bakuli la oili, na kava la plastiki chini ya injini. Kava likiwa halipo na sampu ina mikwaruzo au imepigiwa welding, hiyo gari imeburuzwa kwenye matuta miaka.

Ipi sasa uchukue? Soma namba ya chesisi, herufi za mwanzo zinakwambia injini iliyomo kabla dalali hajafungua mdomo. Vitz ya zamani ile ya kuanzia 1999 ikiwa SCP10 ni cc chini ya 1000, silinda nne, NCP10 ni ya 1300. Ile iliyofuata kuanzia 2005, KSP90 ni injini ndogo ya silinda tatu, SCP90 ni ya 1300. IST ya kwanza iliyotoka 2002, NCP60 ni 1300, NCP61 ni 1500, NCP65 ni 1500 inayovuta miguu yote minne. Passo KGC10 ni silinda tatu, injini ileile ya KSP90. Hizo za silinda tatu zikiwa sailensa, yaani injini inawaka na hujakanyaga mafuta, zinatetemeka kidogo, ndo zilivyo, usimruhusu mtu akutoze maunti mpya (mipira inayoshika injini) bila sababu, ila zikitetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi vizuri hapo maunti au plagi kweli zina shida.

Mimi kwa Tabora nachagua IST NCP60 au Vitz SCP10 na sababu sio spidi. Sababu ni giaboksi. Hizi mbili ukizikuta oto zina oto ya kawaida ya gia nne, mafundi wetu wanaijua na spea zake zipo mjini. Vitz SCP90, Honda Fit nyingi na IST nyingi zile mpya za kuanzia 2007 zina CVT, yaani oto isiyo na gia za kupanda moja moja. CVT sio mbaya, inakula mafuta kidogo na inateleza vizuri, ila inataka haidroliki (mafuta ya giaboksi) yake yenyewe, kopo limeandikwa CVT, ukiiwekea ile nyekundu ya kawaida ya oto unaiua polepole na haikwambii mpaka siku ya mwisho. Ndo kilichotokea kwa ile Vitz yangu, fundi alivyoifungua akaniambia humu kuna mafuta sio yake. Kwaiyo kama gari ni CVT muulize mwenye nayo alibadilisha lini na aliweka ipi, aonyeshe hata kopo au risiti, akisema tu "ile nyekundu" mshukuru uondoke. Kwenye Fit za mwanzo, zile za kabla ya 2007 zenye cc 1300, kuna jambo jingine, zina plagi nane, mbili kila silinda, na zile nne za nyuma zimejificha upande wa kioo cha mbele, kuna mafundi wanabadilisha za mbele tu. Mazda Demio na Nissan March ni gari nzuri za kuendesha ila spea yake hapa unaagiza Dar inakuja na basi, na gari inakungoja juu ya mawe.

Sasa siku ya kuikagua. Nenda asubuhi saa moja na mwambie muuzaji jana yake kwamba asiiwashe. Hili ndo la muhimu kuliko yote nitakayosema. Ukifika gusa boneti kwa kiganja, ikiwa ya moto kaishaiwasha kabla yako, muulize kwa nini na panga siku nyingine. Gari ikiwa baridi inasema ukweli wote, ikishapata moto inaficha mambo mengi. Ikiwa bado baridi fungua mfuniko wa rejeta, unataka kuona kulanti yenye rangi, nyekundu au kijani, ukikuta maji ya kutu rangi ya chai basi ilikuwa inajaziwa maji ya bomba, na ukiona mafuta yanaelea juu funga uondoke. Fungua na mfuniko wa oili, ukikuta utando kama maziwa chini ya mfuniko, maji yameingia kwenye oili, hapo mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Vuta kijiti cha oili uangalie kiwango, oili nyeusi sio tatizo, oili iliyopungua sana ndo tatizo mana inaonyesha inakula na mwenyewe hajali.

Washa sasa, wewe ukiwa nje na mtu mwingine kwenye funguo. Sikiliza sekunde mbili tatu za kwanza. Injini nilizozitaja za Toyota zinatumia cheni ya taimingi ndani ya injini sio mkanda, cheni iliyolegea inalia kama mnyororo wa baiskeli kisha inanyamaza, na mwenye gari atakwambia ni kawaida. Kulia kidogo sekunde moja sawa, ila ikiendelea hapo kuna kazi ya hela nyingi, na mara nyingi imetokana na mtu kuacha oili ikae miezi nane. Kwenye Starlet za zamani ni mkanda, hapo uliza ulibadilishwa lini, kama hajui hesabu kwamba utaubadilisha wewe. Nenda nyuma kwenye egzozi, mvuke kidogo asubuhi ukapotea ni maji tu, moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweusi mafuta mengi, moshi mweupe usioisha ni kulanti. Weka kitambaa cheupe mbele ya egzozi dakika moja uone kinachobaki. Halafu ukanyage breki, weka D, subiri, weka R, subiri. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja kuingia au ikiruka kama imepigwa teke, giaboksi imechoka.

Kilometa kwenye dashibodi usiziamini, zinarudishwa. Amini pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva, gari ya kilometa 70,000 haiwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, au ndani ya boneti, mara nyingi kuna stika za gereji za Japan za kubadilisha oili, hata kama Kijapani hukijui namba unazisoma, zina kilometa na mwaka. Mwaka ukiwa umeandikwa 17 au 20 hivi ni kalenda yao, jumlisha na 1988, yaani 17 ni 2005. Ukikuta stika ya mwaka huo inasema 98,000 na dashibodi leo inasema 81,000 umeshapata jibu. Matairi nayo yana tarakimu nne ndani ya duara refu, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Na hii habari ya "ni namba D, ni namba E", namba inasema lini ilisajiliwa Tanzania, haisemi gari ina umri gani. Kuna gari ya 2003 yenye namba E.

Halafu iendeshe, sio kuzunguka soko. Mimi natoka Isevya, nachukua lami ya Sikonge mpaka nifike 80 nione usukani unatikisika au gari inavuta upande, nafunga breki kwa nguvu pakiwa hapana mtu, halafu nageuza kwenye njia ya vumbi ya kwenda Kwihara, redio imezimwa, vioo chini, nasikiliza. Kule kwenye mabonde ndo stabilaiza linki, boljointi na shokapu zinaongea. Nikirudi naiacha sailensa dakika kumi AC ikiwa imewashwa na naangalia kitu kimoja, feni ya rejeta inawaka au haiwaki. Nazima, nawasha tena ikiwa moto. Nainama chini kuangalia kama kuna tone. Taa ya injini uiangalie pale unapofungua swichi kabla ya kuwasha, lazima iwake kisha izime injini ikishawaka, ikiwa haiwaki kabisa kuna mtu kaichomoa ili usiione. Fundi mwenye mashine ya kupima mlipe aje nayo, na awe fundi wako, sio wa dalali.

Makaratasi yasikuchoshe. Jina la kwenye kadi na la kwenye kitambulisho cha NIDA liwe moja, kadi iwe ya asili sio kopi, mana kuna watu wanaiacha kadi kwenye mkopo na kuuza gari. Namba ya chesisi ya kwenye kadi uilinganishe na ya kwenye chuma kwa macho yako. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, yakirundikana yanakuja kukukamata wewe. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba muandike kwa wakili na mara moja nenda TRA mkabadilishe umiliki, usikae na kadi ya jina la mtu. Na zile zinazoletwa kutokea upande wa Burundi au Kongo zikiwa na namba za huko, usukani kushoto, kwa bei ya kushangaza, usiziguse mpaka uone ushuru umelipwa TRA.

Ukitaka kuagiza Japan usiangalie bei ya kwenye picha, piga hesabu ya ushuru kwanza kwenye kikokotoo cha TRA. Injini isiyozidi cc 1000 haina ile asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa ambayo ya 1300 inalipa, na gari ikizidi miaka kumi inaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, ikiwa kati ya minane na kumi asilimia 15. Ndo mana IST ya kuagiza inakuja kuwa ghali kuliko ulivyodhani. Mpya kabisa za dukani zipo, kwa mfano hii Toyota Starlet inayouzwa Afrika tangu 2020 ni Suzuki Baleno kutoka India yenye nembo ya Toyota, gari nzuri, ila jiulize waranti yake inataka sevisi ifanyikie wapi. Kama ni Dar tu, hesabu safari ya kutoka Tabora kwenda na kurudi kila mara.

Ukishainunua, hata kama muuzaji kaapa, wiki ya kwanza tenga hela ubadilishe oili na filta, kulanti, haidroliki ya giaboksi iliyo sahihi, filta ya hewa mana vumbi letu linaiziba haraka, na andika kilometa za siku hiyo kwenye karatasi uibandike ndani ya boneti. Filta ya hewa mimi kiangazi naipuliza kila nikitoka Ipole.