Kuzalisha Mbegu Chotara ya Mahindi Matamu: Utamu kwa Wazazi, Mavuno kwa Watoto

Anayetaka kuzalisha mbegu chotara ya mahindi matamu hana budi kutenganisha mambo mawili tangu mwanzo. Utamu hutawaliwa zaidi na jeni chache zilizofichika, yaani punje haiwi tamu mpaka irithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Mavuno hutawaliwa na jeni nyingi mno, na huongezeka pale nasaba mbili zisizo na undugu wa karibu zinapokutanishwa. Kwa hiyo utamu huchaguliwa ndani ya wazazi, ilhali mavuno hayajulikani mpaka watoto wao wapandwe na kupimwa.

Hatua ya 1: Amua aina ya utamu

Mahindi matamu ya kawaida hubeba jeni iitwayo su1. Punje zake huwa na ulaini mzito mdomoni, lakini sukari yake hupungua haraka baada ya kuvunwa. Mwaka 1953 John Laughnan wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alieleza kuwa jeni nyingine, sh2, huifanya punje ilimbikize sukari nyingi zaidi. Jeni hiyo huzuia sehemu kubwa ya utengenezaji wa wanga, na utamu wake hudumu kwa siku kadhaa baada ya mavuno. Ubaya wake ni kwamba punje kavu hubonyea kwa kukosa wanga, na mche unaoanza na akiba ndogo hivyo huota kwa shida katika udongo wenye baridi. Kwa mahindi yatakayosafirishwa mbali kabla ya kuliwa, mimi huchagua sh2 bila kusita.

Ukishachagua, usichanganye. Nasaba ya su1 ikichavushwa kwa chavua ya sh2, kila mzazi humpa mwenzake nakala nzima ya jeni anayoikosa, na punje zote hutoka za wanga kama mahindi ya unga.

Hatua ya 2: Tayarisha chanzo

Mahindi matamu mengi yana mabua dhaifu na hushambuliwa kirahisi na magonjwa, hivyo mara nyingi inafaa kuazima nguvu kutoka mahindi ya kawaida. Punje za mseto wa kwanza zitakuwa zimejaa wanga zote, na hilo lisikukatishe tamaa. Zipande, kila mmea uchavushwe kwa chavua yake wenyewe, kisha uache magunzi yakauke kabisa. Ukimenya maganda utaona punje zilizojaa na katikati yake, hapa na pale, punje zilizokunjamana: hizo ni takriban robo ya punje zote, na ndizo tamu. Zichomoe kwa ncha ya kisu na kuzihifadhi peke yake. Mimea yake nayo ikutanishwe angalau mara moja na nasaba tamu nzuri yenye jeni ileile, kwa sababu ganda gumu la punje hurithiwa pia kutoka mahindi ya kawaida, na utamu hauwezi kulificha.

Hatua ya 3: Tengeneza nasaba safi

Nasaba safi hupatikana kwa kuchavusha mmea kwa chavua yake wenyewe kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi hupunguza kwa nusu mchanganyiko uliobaki katika jeni, hivyo baada ya vizazi sita hubaki takriban asilimia 1.6 tu. Mimea itadhoofika kadiri unavyoendelea. Hiyo ni kawaida, na George Shull, mtaalamu wa urithi wa Marekani, alikwisha eleza mwaka 1908 kwamba nguvu hurudi nasaba hizo zikikutanishwa.

Kazi yenyewe inataka umakini. Funika gunzi changa kwa mfuko mdogo wa karatasi isiyopenyeza unyevu kabla nywele hazijachomoza, maana zikionekana nje umeshachelewa. Nywele zikianza kutoka chini ya mfuko, kata ncha ya gunzi ili kesho yake ziote sawasawa kama brashi, kisha jioni hiyohiyo funika mbelewele (maua ya kiume yaliyo kileleni) za mmea huo kwa mfuko mkubwa na ubane mdomo wake shinani. Chavua ya kigeni iliyokwisha kutua hapo itakuwa imekufa kufikia asubuhi. Umande ukikauka, inamisha mbelewele na kuzikung'uta ndani ya mfuko. Chavua nzuri ni ya manjano na hutiririka kama vumbi laini, ila ikiwa na unyevu hushikana mabonge na haifai. Imwage juu ya nywele upesi, funika gunzi kwa mfuko uleule wa mbelewele, kisha andika tarehe na namba ya mmea kwa penseli, kwa kuwa wino hufutwa na mvua.

Hatua ya 4: Pima michanganyiko

Nasaba 20 zinaweza kutoa michanganyiko 190, na hakuna shamba la mtu mmoja linaloweza kuipima yote vizuri. Kwanza kutanisha kila nasaba na mzazi mmoja wa majaribio kutoka kundi lingine la ukoo, ubakize zile ambazo watoto wake wanafanya vizuri, ndipo uzikutanishe zenyewe kwa zenyewe. Uzuri wa nasaba kwa macho haukuambii itazaa nini. Panda kila chotara katika vipande vitatu vilivyotawanywa kwa kura, na urudie kwa msimu zaidi ya mmoja. Hesabu magunzi yanayouzika, yaani yaliyojaa punje hadi ncha, badala ya kupima uzito peke yake.

Utamu upimwe takriban siku 20 baada ya nywele kuchomoza, magunzi yote yakiwa na umri mmoja. Refraktometa, kifaa kinachokadiria sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda, husaidia, lakini hupima kila kilichoyeyuka kwenye maji ya punje. Punje za su1 zina wanga laini unaoyeyuka, hivyo zinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko sh2 iliyo tamu zaidi. Linganisha su1 na su1, sh2 na sh2, kisha onja. Gunzi la jaribio lichavushwe kwa mkono, au shamba zima litengwe na mahindi mengine kwa mita 250 au zaidi.

Hatua ya 5: Zalisha mbegu

Panda mistari minne ya mama kwa mmoja wa baba, ukipanga tarehe ili chavua na nywele zitoke pamoja. Ng'oa mbelewele za mama kila siku kabla hazijamwaga chavua, zikiwemo za machipukizi ya chini yanayosahaulika kirahisi, na ukate mistari ya baba baada ya uchavushaji ili magunzi yake yasichanganyike na ya mama. Mbegu ya sh2 ikaushwe taratibu, joto lisizidi nyuzi 38, na ipukuchuliwe kwa upole kwa sababu ganda lake hupasuka haraka.