Bastola gani utailenga vizuri kuliko zote: ipime mwenyewe, mkononi halafu kwenye karatasi

Swali la bastola ipi ina shabaha kali halijibiki mpaka ujue nani kaishika. Bastola nyingi za kiwandani za siku hizi, ukizifunga kwenye kibano cha chuma zisitikisike, zinaweka risasi tano ndani ya sentimita 5 mpaka 10 hivi kwa mita 25, na wapigaji wengi tukisimama tukaishika kwa mikono yetu hatufiki hapo. Kwa hiyo tofauti kubwa unayoiona kati ya bastola na bastola haitoki kwenye mtutu, inatoka pale mkono wako unapokutana na mshikio na kidole kinapokutana na triga. Ile inayokukaa vizuri ndio itakayopiga vizuri, mi naamini hivyo kabisa, na hapa nakuelekeza namna ya kuijua kabla hujatoa hela yako.

Hatua ya 1: hakikisha iko tupu

Chomoa magazini kwanza, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mshikio, HALAFU ndio uvute slaidi nyuma, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi moja inatoka nyingine inaingia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na wewe unadhani umeshaitoa, watu wameumia hivyo hivyo. Slaidi ikikaa nyuma chungulia chemba kwa jicho na uguse kwa kidole. Mtutu uelekee sehemu salama muda wote, kidole kiwe nje ya triga mpaka umeshaamua kufyatua, na hii haibadiliki hata ukiambiwa na mwenye bastola kwamba ameshaikagua, kagua tena mbele yake, mpigaji yeyote wa maana hatakasirika. Ukiwa kwenye uwanja wa shabaha vaa miwani na vizibo vya masikio, mlio wa bastola unapita desibeli 140 na sikio likishaharibika halirudi. Mambo ya leseni fuata sheria ya unakoishi.

Hatua ya 2: ishike, halafu uangalie kidole kinafika wapi

Hapa usiharakishe kabisa. Nafasi kati ya kidole gumba na cha shahada iingie juu kabisa nyuma ya mshikio, mpaka isibaki nafasi chini ya ule mkia wa bastola, na mtutu ukae kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono kutoka kiwiko. Ukishashika hivyo, bila kuusogeza mkono, peleka kidole kwenye triga. Ncha ya kidole, ile nyama katikati ya pingili ya kwanza, ikae katikati ya triga. Kama unalazimika kuuzungusha mshikio mkononi ndio kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako, na kila ukifyatua utakuwa unaivuta pembeni. Kama kidole kinapitiliza mpaka kinagusa upande wa pili wa fremu, yaani mwili wa bastola, basi ni nyembamba au fupi kwako.

Beretta 92 ni mfano mzuri. Jeshi la Marekani waliichukua mwaka 1985 kwa jina la M9, ni bastola laini sana kupiga na inaaminika, lakini mshikio wake ni mnene na triga iko mbali kwa risasi ya kwanza, mwenye mkono mdogo anahangaika nayo. Walipoibadilisha mwaka 2017 wakachukua SIG P320, moja ya vitu walivyovipata ni mshikio unaobadilishwa saizi, ndogo, ya kati na kubwa. Walther P99 ya miaka ya 1990 nayo ilikuja na vipande vya mgongo vya kubadilisha, na HK VP9 ya 2014 imeenda mbali zaidi maana unabadilisha mgongo na mbavu zote mbili. Kwa hiyo kabla hujasema bastola fulani haikukai, uliza kama ina vipande vingine ndani ya boksi, mara nyingi vipo na hakuna aliyehangaika kuvifunga.

Hatua ya 3: fumba macho

Bastola bado tupu, iko mbele ya ukuta salama. Chagua alama ukutani, iangalie, fumba macho, inua bastola kama unavyoinua kawaida, fumbua. Angalia saiti ya mbele, yaani kile kinundu cha kulengea, imekaa wapi ndani ya ile ya nyuma. Ikiwa imesimama katikati na iko sawa juu, mwili wako na pembe ya mshikio vinaelewana. Ikiwa saiti ya mbele imepanda juu kila ukirudia, pembe ya mshikio sio ya mkono wako. Watu waliozoea 1911, bastola ya zamani iliyobuniwa na John Browning, wakishika Glock mara nyingi inaelekea juu kwa sababu mshikio wa Glock umelala zaidi, na waliokulia kwenye Glock wakienda kwa 1911 wanaiona inainama. Hakuna mbaya hapo. Mazoezi yanaweza kukufundisha yoyote, ila kama bado hujazoea chochote kwa nini uchague ile inayopingana na wewe?

Hatua ya 4: triga, triga, triga

Kama kuna kitu kimoja cha kukilipia ni hiki. Bastola nyingi zinaruhusu kufyatuliwa tupu, ila zile za .22, zenye risasi ndogo, uliza kwanza maana baadhi pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, tumia risasi bandia za mazoezi. Sasa bonyeza polepole na usikilize kidole: mwanzo kuna mwendo mwepesi usio na uzito, halafu unafika kwenye ukuta, yaani pale inapokaza, halafu inakatika, yaani inafyatua. Unachotafuta ni ukuta unaoueleza mkono wako waziwazi na mkato usiokushtua. Uzito ni nusu tu ya habari. Glock ya kawaida inabonyezwa kwa kama kilo 2.5, Beretta 92 risasi ya kwanza inaenda kilo 5 hivi kwa sababu triga inabidi iivute na nyundo nyuma kwanza, halafu zinazofuata zinashuka chini ya nusu, na 1911 nzuri ni chini ya kilo 2 na mwendo wake ni mfupi mno, ndio maana watu wanaipenda zaidi ya miaka 100 sasa. Kwenye mashindano ya mita 25 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, triga hairuhusiwi kuwa chini ya gramu 1000. Triga nyepesi sana kwa mtu anayeanza mi siipendi, inafyatuka kabla hajawa tayari.

Kipimo kizuri hapa: mwenzako akuwekee ganda tupu la risasi juu ya saiti ya mbele au juu ya slaidi, limesimama, kisha ubonyeze mpaka ikatike. Likidondoka, kidole chako kinaisukuma bastola. Rudia kwa bastola zote unazozifikiria, mkono uleule, siku ileile, na utaona zipo ambazo ganda linabaki bila hata kujitahidi na zipo ambazo kila mara chini. Hii peke yake inakupa zaidi ya nusu ya jibu na hujapiga risasi hata moja.

Hatua ya 5: risasi na uzito wa chuma

Bastola nzito inatulia. Risasi ikitoka mbele kitu lazima kirudi nyuma, na kadiri bastola ilivyo nzito ndivyo inarudi taratibu. Ndio maana CZ 75 na ndugu zake kama SP-01, yenye zaidi ya kilo moja ya chuma, zinapiga risasi ya milimita 9 kwa ulaini ambao kibastola cha mfukoni hakiwezi kabisa hata ukiipiga risasi ileile. Na kwenye CZ slaidi inapita ndani ya fremu, imekaa chini karibu na mkono, mtutu hauruki sana. Ukiniuliza bastola moja ya kumkabidhi mtu mzima mwenye mkono wa kawaida apige vizuri siku hiyohiyo nitataja hiyo, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Kuhusu kaliba, yaani unene wa risasi, usidanganyike na ukubwa. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walihama kutoka risasi nene zaidi ya .40 S&W kurudi milimita 9 miaka ya katikati ya 2010, na sababu moja waliyoitoa ni kwamba wapigaji wao wengi walikuwa wanapiga haraka zaidi na kwa shabaha bora zaidi kwa milimita 9. Hao ni watu wanaofanya kazi hiyo. Na kama ndio unaanza nenda .22 kwanza, Ruger ya familia ya Mark au Smith & Wesson 41, mtutu wake haujongei ukifyatua na mshtuko ni kama hamna, utajua macho na kidole chako vinafanya nini hasa. Kwa anayependa rivolva, yenye .357 Magnum kama Smith & Wesson 686 inameza na .38 Special, kwa hiyo unaanza kwa risasi laini kwenye bastola nzito ileile.

Urefu nao una kazi yake, japo kwa jicho zaidi kuliko kwa risasi. Saiti ya mbele na ya nyuma zikiwa zimeachana sentimita 16, ukikosea kuzipanga kwa milimita 1 risasi inaenda pembeni kama sentimita 9 kwa mita 15. Zikiachana sentimita 13 kosa lilelile linakuwa kama sentimita 11 na nusu. Ndio maana bastola fupi inaonekana haina shabaha wakati mtutu wake hauna tatizo lolote.

Hatua ya 6: sasa piga

Zilizobaki zisizidi tatu. Tafuta uwanja wanaokodisha, au mtu wa kukuazima mkiwa wote uwanjani. Tumia risasi za aina moja na uzito mmoja kwa bastola zote za kaliba moja, la sivyo unapima risasi badala ya bastola. Anza mita 7, shika kwa mikono miwili, karatasi moja kwa kila bastola, andika jina juu. Piga tano polepole, weka chini, chukua inayofuata piga tano, halafu rudi ya kwanza. Usimalize boksi zima na moja kabla ya kushika nyingine, kwa sababu mkono unachoka na ile ya mwisho itaonekana mbaya bila kosa lake. Ukimaliza mizunguko kadhaa sogea mita 15, hapo ndipo zinapoachana kweli.

Pima umbali kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu kwa yale mawili yaliyoachana zaidi. Usijali sana kama kundi, yaani matundu yako yote kwa pamoja, limekaa juu au kushoto ya katikati ya shabaha, saiti zinarekebishwa, unachotaka ni kundi dogo na linalojirudia. Na usilitupe lile tundu moja lililotoroka ukasema hilo sio langu, ni lako. Bastola ambayo kila kundi lina tundu moja lililotoroka inakwambia mshikio wake unakuponyoka.

Ukiwa unatumia mkono wa kulia na matundu yanashuka chini kushoto, mara nyingi ni kuibana triga ghafla kwa kuogopa mlio. Hilo likitokea kwa bastola zote ni wewe, pumzika au rudi .22. Likitokea kwa moja tu na nyingine ziko sawa, angalia tena triga na kidole cha hatua ya 2, jibu huwa liko huko.

Hatua ya 7: sikiliza mkono baada ya risasi nyingi

Risasi tano hazikuonyeshi maumivu. Endelea na ile inayoongoza mpaka umalize boksi la 50 na uuangalie mkono. Zipo bastola ndogo, Walther PPK inajulikana sana kwa hili, ambazo slaidi ikirudi inakwangua ngozi ya juu ya mkono kama mkono ni mnene. Zipo ambazo fremu inagonga kifundo cha kidole cha kati chini ya kinga ya triga, na zipo ambazo vinundu vya mshikio vinachubua kiganja. Kitu kinachouma kidogo leo ukikirudia kila wiki mwili unaanza kukikwepa wenyewe, unafumba jicho kabla ya mlio, na kundi linafunguka.

Kati ya mbili zilizolingana kwenye karatasi chukua ambayo saiti ilikuwa inarudi yenyewe kwenye shabaha baada ya kila risasi bila kuitafuta. Kisha ukishaichukua jaribu risasi za uzito tofauti, grein (kipimo cha uzito wa risasi) 115, 124 na 147 kwa milimita 9, tano tano kwa mita 15, na uandike ipi imebana zaidi, kwa sababu mtutu mmoja unaweza kuipenda moja na kuikataa nyingine, na hilo hakuna anayeweza kukujulia isipokuwa karatasi yako.