Namna ya kusoma Katiba ya Marekani ukiwa na penseli mbili

Nafundisha darasa la jioni hapa Lexington, Kentucky, la watu wanaojiandaa na usaili wa uraia. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kuna Warundi, na Watanzania wachache. Karibu kila mmoja huja siku ya kwanza na karatasi ya maswali ambayo ameshaikariri. Nikiuliza Kongresi, yaani bunge la Marekani, ina mabaraza mangapi, najibiwa "mawili" kabla sijafunga mdomo. Nikiuliza kwa nini yawe mawili, darasa zima linainamisha vichwa.

Ninachoeleza hapa ni njia ninayotumia kuanzia hapo. Itamfaa anayetafuta uraia, na itamfaa pia aliye Goma, Mwanza au Muscat anayesikia kwenye habari kwamba rais ametoa amri, kesho yake jaji kaisimamisha, na hajui uwezo huo jaji kautoa wapi.

Unahitaji nakala ya Katiba (ni fupi, maneno kama 7,500 pamoja na marekebisho yote), daftari, penseli nyekundu na penseli ya bluu. Kama Kiingereza chake kinakushinda, kaa na mwanao anayesoma sekondari. Yeye atakusomea, wewe utamweleza maana ya serikali kuvunjika, jambo ambalo hajaliona kwa macho.

Hatua ya 1: Jua walikuwa wanakimbia nini

Majimbo 13 yalipojitoa Uingereza yalifunga mkataba wa kushirikiana, ulioanza kutumika mwaka 1781. Mkataba ule uliipa Kongresi kazi bila kuipa fedha. Haikuruhusiwa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo, nayo yalilipa yakijisikia. Hapakuwa na rais wala mahakama za taifa. Kubadilisha kifungu chochote kulitaka majimbo yote 13 yakubali. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliokuwa wakinyang'anywa mashamba kwa sababu ya madeni walishika silaha na kufunga mahakama, mmoja wa viongozi wao akiwa Daniel Shays, askari wa zamani wa vita vya uhuru. Serikali kuu haikuwa na jeshi la maana la kutuma.

Mei 1787 wajumbe wakaanza kikao Philadelphia. Waliohudhuria kwa nyakati tofauti ni 55, Rhode Island haikutuma mtu, na kiti alikalia George Washington. Septemba 17 watu 39 wakatia saini. Walikuwa na hofu mbili kwa mpigo: hofu ya mfalme waliyemfukuza, na hofu ya serikali isiyoweza lolote. Ziandike hofu hizo juu kabisa ya daftari lako, kwa sababu karibu kila kifungu utakachosoma kinajibu mojawapo.

Hatua ya 2: Nyekundu kwa mwenye kazi, bluu kwa mwenye kumzuia

Hapa ndipo darasani tunakaa wiki tatu nzima, na sioni haja ya kukimbia.

Katiba ina Ibara saba. Tatu za kwanza zinahusu Kongresi, Rais na Mahakama, kwa mpangilio huo. Soma sentensi moja moja. Ukikuta mtu amepewa kazi, pigia mstari mwekundu. Kisha jiulize: nani anaweza kumzuia huyu? Mtafute, umpigie mstari wa bluu. Mara nyingine yuko sentensi ileile, mara nyingine yuko Ibara nyingine. Usifungue ukurasa mpya kabla hujampata.

Jaribu na Ibara ya Kwanza, sehemu ya 7, inayoeleza mswada unavyokuwa sheria. Mswada hauna budi kupita Baraza la Wawakilishi na Seneti, yote mawili. Unapelekwa kwa Rais. Akikubali, anatia saini. Akikataa, anaurudisha kwa maandishi akitaja sababu, na Kongresi inaweza kuupitisha bila yeye endapo theluthi mbili za kila baraza zitaafiki. Akikaa nao siku kumi bila kufanya lolote, Jumapili hazihesabiwi, unakuwa sheria bila saini yake. Lakini kama Kongresi imeshafunga kikao na haiwezi kurudishiwa, ukimya wa Rais unaua mswada. Hesabu mistari yako ya bluu katika aya hizo mbili tatu, utaona ilivyo mingi.

Sasa mgeukie Rais. Ni amiri jeshi mkuu (nyekundu), lakini wa kutangaza vita ni Kongresi (bluu). Hapo weka alama ya kuuliza pembeni, maana mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa 1942, na tangu hapo wanajeshi wa Marekani wamepigana Korea, Vietnam na kwingineko. Mstari wa bluu ulioandikwa unaweza kufifia usipotumika. Rais anafunga mikataba na mataifa, ila theluthi mbili ya maseneta wanaohudhuria lazima waafiki. Rais Woodrow Wilson alihangaika Paris kuandika Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nyumbani Seneti ikaukataa. Rais anateua majaji, Seneti inawathibitisha au inawakataa. Na Rais mwenyewe anaweza kuondolewa: Baraza la Wawakilishi linamfungulia mashtaka kwa wingi wa kawaida, Seneti inamhukumu kwa theluthi mbili. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson aliponea kwa kura moja tu, 35 dhidi ya 19, wakati zilitakiwa 36.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Rais Richard Nixon. Julai 24, 1974, Mahakama ya Juu, ambamo majaji watatu kati ya wanane waliosikiliza kesi hiyo aliwateua yeye mwenyewe, iliamua kwa kauli moja kwamba lazima atoe kanda za mazungumzo zilizorekodiwa ofisini mwake, zilizotakiwa kama ushahidi katika kashfa ya Watergate. Akazitoa. Agosti 9 akajiuzulu kabla Baraza la Wawakilishi halijapiga kura ya kumshtaki. Nilipomaliza kusimulia hayo, mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliweka penseli yake mezani, akaniuliza, "Mwalimu, na jeshi je? Halikufanya kitu?" Nikamwambia hapana, mama. Alipanda helikopta akaondoka, na makamu wake Gerald Ford akaapishwa siku hiyohiyo. Aliichukua tena penseli, lakini hakuandika kwa muda mrefu. Nami sikumharakisha. Mtu aliyekimbia na watoto usiku kwa sababu wakubwa waligombea kiti ana haki ya kukaa na jibu kama hilo.

Hatua ya 3: Hesabu za jimbo lako

Sasa rudi kwenye swali la mabaraza mawili. Kule Philadelphia majimbo makubwa yalitaka viti kwa idadi ya watu, madogo yakataka usawa. Roger Sherman wa Connecticut na wenzake wakaleta suluhu: baraza moja hivi, la pili vile. Leo Wawakilishi wako 435 wakigawanywa kwa idadi ya watu, na kila jimbo lina maseneta wawili hata liwe dogo namna gani. Mwakilishi anakaa miaka miwili, seneta sita.

Andika daftarini: Kentucky ina Wawakilishi 6, maseneta 2, jumla 8. Hiyo 8 ndiyo idadi ya kura za Kentucky katika kumchagua Rais. Wyoming ina 3, California 54, mji mkuu Washington ulipewa 3 kwa Marekebisho ya 23. Jumla ni 538, anayefikisha 270 anashinda. Karibu kila jimbo humpa kura zake zote aliyeongoza ndani yake. Ndiyo maana mgombea anaweza kupata kura nyingi za wananchi nchi nzima na bado akashindwa, kama ilivyotokea 2000 na 2016. Fanya hesabu hiyo kwa jimbo lako, usichukue la kwangu.

Hatua ya 4: Tafuta kisichoandikwa

Pitia tena Ibara zote ukitafuta vyama vya siasa. Havimo. Tafuta idadi ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu. Haimo, idadi huwekwa na Kongresi kwa sheria, walianza sita, na tisa ni tangu 1869. Tafuta mahali panaposema wazi kwamba mahakama inaweza kufuta sheria ya Kongresi. Napo hapapo. Jaji Mkuu John Marshall ndiye aliyelitamka hilo katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison mwaka 1803, na mpaka leo jaji anayesimamisha amri ya rais anasimama juu ya msingi huo.

Hatua ya 5: Soma mahali panapouma

Wapo walimu wanaopita hapa haraka. Mimi nasimama.

Neno "mtumwa" halimo katika Katiba ya 1787. Waandishi walilikwepa kwa makusudi. Ila tazama Ibara ya Kwanza, sehemu ya 2: katika kuhesabu watu, walio huru wanahesabiwa wote, kisha tatu ya tano, yaani watatu katika kila watano, ya "watu wengine wote". Hao wengine ndio watumwa, waliohesabiwa ili kuwaongezea viti mabwana zao. Sehemu ya 9 inaizuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watu hao kabla ya 1808. Ibara ya Nne inaamuru anayetoroka arudishwe. Mto Ohio uko kaskazini yetu hapa. Ng'ambo yake utumwa ulikuwa marufuku, na bado aliyevuka alisakwa na kurudishwa kwa nguvu ya Katiba.

Huwa nawapeleka wanafunzi Cheapside, katikati ya mji wetu, palipokuwa na soko la watumwa. Wale wa Kigoma wanaijua Ujiji. Hakuna haja ya kuwaeleza soko kama lile lilikuwa kitu gani.

Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilisema mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Ilihitaji vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha marekebisho matatu: la 13 mwaka 1865 kukomesha utumwa, la 14 mwaka 1868 kumfanya raia kila aliyezaliwa nchini chini ya mamlaka yake na aliyepewa uraia, la 15 mwaka 1870 kuzuia kunyima kura kwa sababu ya rangi. Bunge la Kentucky lililikataa la 13, na halikuliridhia mpaka 1976. Wanafunzi wengine wananiomba nirudie mwaka huo, wakidhani nimekosea.

Hata hivyo ni Kentucky hiyohiyo iliyomzaa Jaji John Marshall Harlan. Mwaka 1896 Mahakama ilipohalalisha ubaguzi wa rangi katika mabehewa ya treni katika kesi ya Plessy, wenzake saba walikuwa upande mmoja, yeye akapinga peke yake, akaandika kwamba Katiba haitambui rangi wala matabaka ya raia. Ikabidi kungoja mpaka 1954, kesi ya Brown, majaji wote tisa waseme ubaguzi katika shule za umma ni haramu. Maneno ya Marekebisho ya 14 hayakuwa yamebadilika hata herufi.

Hatua ya 6: Gawa marekebisho kwa mafungu

Yako 27. Kumi ya kwanza, ya 1791, ni ya haki: dini, kusema, kukutana, kutopekuliwa ovyo, kuwa na wakili. Matatu ni ya baada ya vita. Fungu la kura lina la 15, la 19 la wanawake (1920), la 24 la kukataza kodi ya kupigia kura (1964) na la 26 la vijana wa miaka 18 (1971). Mengine yasome kawaida. Kuongeza jipya kwa kawaida kunataka theluthi mbili ya mabaraza yote mawili, kisha majimbo 38 kati ya 50 yaridhie. La 27, la mishahara ya Kongresi, lilipendekezwa 1789 likakamilika 1992.

Hatua ya 7: Jua mlango wa kubisha

Marekebisho ya 10 yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakunyimwa, ni ya majimbo au ya wananchi. Kwa maisha yako maana yake ni hii: leseni ya udereva, cheti cha ndoa na shule ni mambo ya jimbo na mji. Pasipoti, uhamiaji na posta ni ya serikali kuu.

Mzee mmoja wa darasani alizungushwa miezi na faili la mkewe la uhamiaji, akawa anakwenda kulalamika ofisi za mji, ambako hakuna mtu angeweza kuligusa. Mlango wake ulikuwa ofisi ya Mwakilishi wa wilaya yake katika Kongresi. Wana watu wa kazi hiyo: unajaza fomu ya kuwaruhusu kuulizia faili lako, nao wanaiandikia idara. Huna haja ya kuwa raia, inatosha kuishi katika wilaya ile. Hawawezi kuiamuru idara ikupe unachotaka, lakini swali lao linajibiwa.

Hatua ya 8: Usaili na kinachofuata

Sasa ndipo uchukue orodha ya maswali. Walioomba uraia kuanzia Oktoba 20, 2025 wana orodha ya maswali 128. Wanaulizwa mpaka 20 na wanatakiwa kupata 12. Walioomba kabla wana orodha ya 100, wanaulizwa mpaka 10, wapate 6. Angalia tarehe ya ombi lako kabla hujaanza. Mwenye miaka 50 na grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) ya miaka 20, au miaka 55 na grinikadi ya miaka 15, anasamehewa mtihani wa Kiingereza na anaweza kujibu maswali ya uraia kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mwenye 65 na grinikadi ya miaka 20 anajifunza orodha fupi ya maswali 20.

Jambo moja nalisema kila muhula na nitaendelea kulisema. Ukienda kuchukua leseni, karani anaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kabla ya kiapo cha uraia, jibu ni hapana. Soma kila kisanduku kabla hujatia saini, na kama hukielewi, omba mkalimani au rudi nyumbani na fomu. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura, hata kwa kutojua, anaweza kunyimwa uraia na hata kufukuzwa nchini. Ukishaapa, jiandikishe wiki hiyohiyo. Hapa Kentucky siku ya mwisho ya kujiandikisha ni siku 29 kabla ya uchaguzi.