Upele wa kondoo huku Lamu: tibu zizi zima ama usianze

Wafugaji wenzangu wa Hindi, Mokowe, Witu, na nyie wa visiwani mlio na kondoo wawili watatu nyuma ya nyumba, leo tuongee upele. Manake kila ikikaribia Idi ya kuchinja naona mtu anakimbilia agroveti, ananunua dawa ya yule kondoo mmoja aliyenyonyoka, anamdunga huyo huyo, kidogo tu zizi lote linajikuna alafu analaumu dawa. Dawa yenyewe haina makosa. Mmoja akionekana na magamba, wenzake washaambukizwa kitambo, hawajaanza kuonyesha tu.

Huu ugonjwa unaletwa na vidudu vidogo vya ukoo wa kupe, miguu minane, wengine wanaita utitiri. Wasumbufu zaidi ni aina mbili. Soroptesi anakaa juu ya ngozi chini ya manyoya, mgongoni na ubavuni, anaichokoza ngozi mpaka inatoa majimaji yanakauka yanakua magamba ya manjano. Sarkoptesi anachimba ndani ya ngozi, na yeye utamkuta usoni, masikioni, mahali manyoya ni haba, kwa hivo kwa hawa kondoo wetu wa manyoya mafupi mtafute yeye kwanza. Sarkoptesi anapita pia kwa mbuzi, na hata wewe mwenyewe unaweza kuwashwa mikono siku kadhaa baada ya kumshika mnyama mgonjwa.

Utajuaje? Kondoo anajisugua kwenye kigingi, anajing'ata ubavu, anakula lakini anakonda. Msugue na vidole pale penye gamba, akianza kuchezesha midomo na kutingisha kichwa basi shuku upele. Alafu chukua wembe uparuze ukingoni mwa kidonda, sio katikati, katikati huwa pamebaki magamba matupu na vidudu washahamia pembeni kwenye ngozi mpya. Paruza mpaka ngozi iwe nyekundu, ule unga uweke kwa karatasi nyeusi juani uangalie na lenzi. Vikitembea vidoti vyeupe ushapata jibu. Usipoona kitu usiseme mzima, sarkoptesi hatoki kirahisi, mpelekee daktari wa mifugo aweke kwa darubini. Na msichanganye na chawa, wale unawaona kwa macho, wala vile vidonda vya midomo vya wana-kondoo, hivo ni virusi na ivamektini, hii dawa ya upele, haivisaidii chochote.

Sasa dawa. Ivamektini ya sindano ile ya asilimia 1, dozi ni mililita 1 kwa kilo 50, yani kondoo wa kilo 25 anapata nusu mililita, chini ya ngozi, sio kwenye nyama. Rudia baada ya siku 7 sababu mayai yanabaki na yataangua. Hio ya pili ndio watu wanairuka, wanaona mnyama ametulia wanasema kapona, na hapo ndipo pesa inapotea. Usikisie uzito kwa macho, pima, na usipunguze dozi ati dawa ifike kwa wote, ukipunguza unawafunza vidudu kuizoea. Ile ya kunywesha ya minyoo usiitegemee kwa upele hata kama jina ni moja. Na kama maziwa yake yanakunywewa nyumbani, mwambie daktari kabla hajadunga.

Wengine wanapendelea kuogesha na amitrazi, ile ya Triatix mnayotumia kwa kupe. Inafanya kazi ila ufuate kipimo cha upele kwenye lebo, ulainishe magamba na maji ya sabuni kwanza, uchanganye dawa siku hio hio, wanyama wanywe maji kabla wasije wakalamba dawa, na uoshe mpaka ngozi ilowe, sio kupuliza juu juu ya manyoya ukaenda zako. Chini ya mkia na masikioni pita na brashi. Vaa glavu. Maji yanayobaki usimwage karibu na kisima wala kwenye mikoko, yanaua samaki.

Na wenye punda nisikilizeni vizuri! Amitrazi ni sumu kwa punda, inasimamisha matumbo, chakula kinaganda ndani na mnyama anakufa na maumivu. Hata ile pampu ya kupuliza msiazimane bila kuiosha. Oil chafu ya mashini ya boti nayo msiwapake kondoo, inachoma ngozi na kuingia mwilini, na vidudu wanabaki.

Kuhusu Idi, hesabu kurudi nyuma. Ivamektini inakaa kwenye nyama muda mrefu, siku za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa na mara nyingi ni kama mwezi ama zaidi, kwa hivo sindano ya pili iwe ishapigwa kabla Mfungo Mosi, ule mwezi baada ya Ramadhani, haujaisha. Ukidunga Mfungo Tatu, mwezi wenyewe wa Idi, ushachelewa kwa nyama, na ukiacha bila kudunga mnunuzi anamkataa, manake mnyama mwenye ugonjwa ulio wazi hafai kwa udhhiya.

Siku ya dawa wote wadungwe, kondoo na mbuzi wanaolala pamoja, mjamzito mshike taratibu tu. Wakitoka hapo wasirudi kwenye zizi lile lile, soroptesi anaweza kuishi zaidi ya wiki mbili bila mnyama, kwenye manyoya yaliyonasa vigingini, kwenye kamba, gunia. Liache tupu wiki tatu, na kama huna zizi la pili hata kuwafunga chini ya mwembe mwengine kunasaidia.

Kondoo mgeni, awe umemnunua mnadani ama ametoka kwa shemeji yako, muweke mbali wiki tatu nne, mkague masikio na mgongo, na bora umtibu huko huko kabla hajagusana na wako. Wale wanaovushwa na mashua kuja Amu, kisiwani Lamu, hubanwa pamoja na wa watu wengine njia nzima, kwa hivo hata kama ulimjua mwenyewe kule bara, wahesabu ni wageni. Na jirani yenu mnayechunga pamoja mwambieni mtibu wote wiki ile ile, akikataa chungeni mbali.